Kitambaa Juu ya Feni

Watu wa pwani wanadhani joto ni mali yao. Sisi wa Mbozi mwezi wa sita tunavaa masweta mawili, tunabanana jikoni tukigombania moto, na mtu akitoka kuoga asubuhi anafuka mvuke kama sufuria. Kwa hiyo nilipomwambia baba mkubwa kwamba kinachonihangaisha ni joto, alinitazama kuanzia ndala mpaka kilemba.

"Joto lipi? Hili letu?" akaniuliza. "Huko Tunduma mmeanza kuvuta nini?"

Waliokuwepo wakacheka, na mimi nikacheka nao. Sikuwa na sababu ya kununa. Wakati ule bado niliamini kwamba jambo likiwa gumu, dawa yake ni kulifanyia kazi mpaka lilegee. Leo siamini hivyo, na sitaki mtu anibembeleze niamini tena.

Mimi ni fundi simu. Meza yangu iko Tunduma, kando ya barabara inayoshuka mpakani, mahali ambapo madereva wa malori wakikwama kwenye foleni hawana la kufanya ila kuleta simu zao zilizokufa. Nawahudumia kwa Kiswahili, kwa Kiingereza cha kuokoteza na kwa Kibemba cha kupatana bei. Nyumbani ni Mbozi, kijiji cha kahawa ng'ambo ya Hasamba, na huko ndiko walikokuwa baba na mama. Baba hakujaliwa mtoto wa kiume. Alinipata mimi peke yangu na hakuwahi kunifanya nijione pungufu. Kazi hiyo ndugu zake waliifanya kwa niaba yake.

Masikio ya mama yalianza kuwa mazito nikiwa bado shuleni, yakazidi mwaka hadi mwaka, mpaka yakafunga kabisa. Hospitali walisema mishipa ya kusikia imekufa. Walimpa kifaa cha kuvaa sikioni. Kikamletea kelele tupu bila maneno, akakivua, akakitupia kwenye kopo la vifungo. Haikuonekana kuwa msiba mkubwa kwa sababu baba alikuwepo, na midomo ya baba mama aliisoma. Baba akitaka kusema naye alimgeukia, akapunguza mwendo, akatumia Kinyiha kile cha ujana wao, na mama akajibu hapo hapo. Mgeni angeweza kushinda kwetu asijue kwamba mwenyeji wake hasikii. Midomo ya watu wengine ilimshinda, hata yangu.

"Wewe unatafuna maneno," alikuwa akiniambia.

Baba alipofariki, dunia nzima ilimfungia mama mdomo. Msibani watu walimjia mmoja mmoja, wakamshika mkono, wakasema ya kusema, na yeye akawa anaitikia kwa kichwa tu. Hakuambulia hata neno moja la pole. Niliketi naye mkekani nikamtazama akiwaitikia watu ili asiwasumbue, na nilisikia uchungu kuliko ule wa kaburini.

Baada ya mazishi, baba mkubwa aliniita kando. Yeye ni kaka wa baba na ndiye mkubwa wa ukoo. Si mtu mbaya, na ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya.

"Shamba la kahawa ni la ukoo," akasema. "Lakini hatumfukuzi mtu. Kahawa ikishavunwa tutakaa. Tutamuuliza mama yako: unabaki nalo, au unawaachia vijana wa ukoo walitunze? Atakalosema yeye ndilo."

"Basi baba, nitakaa naye nimweleze mnachomuuliza."

"Mtoto hakai kwenye kikao cha vitu vya baba yake. Na maneno ya Tunduma hatuyataki. Ajibu mwenyewe."

"Mtamwandikia kwenye karatasi?"

"Kikao si mtihani," akasema, akanipiga bega kidogo, akaondoka.

Kwetu ndivyo ilivyo. Mjane akisema mbele ya ukoo kwamba anabaki, amebaki, na hakuna wa kumng'oa. Akisema amewaachia, ameacha. Shamba lile ndiyo nyumba, ndiyo chakula, na mwisho wa mistari ya kahawa ndiko alikolala baba. Nje ya hapo mama hakuwa na pa kwenda ila chumba changu cha kupanga Tunduma, chenye dirisha linalotazama ukuta. Kila kitu kilikuwa kinategemea kwamba siku hiyo mama ataulizwa swali moja, atalielewa, na atasema: nabaki.

Nilijua kwamba siku hizi kuna programu zinazosikiliza mtu akizungumza na kuandika anachosema. Kwenye simu zipo, lakini nyingi zinataka mtandao, na kijijini kwetu mtandao unaupata ukipanda mpaka kanisani, ukanyoosha mkono, na ukabahatika. Nilihitaji kitu kitakachofanya kazi yote chenyewe, ndani kwa ndani. Nikapata kwa mfanyabiashara mmoja anayevusha vifaa kutoka Nakonde, upande wa pili wa mpaka, kompyuta ya bodi moja: kompyuta nzima iliyobanwa kwenye kibao cha ukubwa wa kipande cha sabuni, haina kioo, haina kibodi, waya tu na vidude. Nikaishushia programu ya bure inayojua Kiswahili, nikaifungia kinasa sauti na kioo kidogo kama cha simu. Mtu akisema, maneno yanatokea kwenye kioo.

Siku ya kwanza niliyompelekea mama, niliweka kioo mapajani mwake, nikasema kwa sauti ya kawaida: "Mama, umekula?"

Akayaona maneno yangu yakijiandika. Akanitazama, akakitazama kioo, akanitazama tena.

"Nimekula, mwanangu," akasema. Kisha akaweka mkono mdomoni, akalia, na mimi nikalia, na kioo kikabaki kitupu kwa sababu kilio hakikijui.

Tulizungumza mpaka chai ikapoa. Akaniuliza habari za kazi, akanigombeza kwamba nimekonda, akasoma utani wangu akacheka pale pale unapostahili kuchekewa. Kinyiha mashine haikukielewa hata kidogo, kwa hiyo tulilazimika kuzungumza Kiswahili, lugha yetu ya shule, ya kanisa na ya sokoni. Kwa Kiswahili mama yangu ni mgeni wa heshima. Kwa Kinyiha ni mwenye nyumba. Lakini mgeni huyo alikuwa anajibu, na mimi sikuwa mtu wa kuchagua. Tangu siku ile aliacha kuitikia watu hovyo. Akitikisa kichwa, ujue amesoma na ameelewa.

Kabla hatujamaliza mazungumzo yale ya kwanza, nikaona anasita. Nilikuwa nimekwisha kusema jambo, nimenyamaza, na yeye bado anasoma. Nikachungulia. Kioo kilikuwa kinaandika maneno niliyoyasema zamani. Nikaigusa bodi, nikatoa kidole mbio kama niliyegusa kaango.

Hilo ndilo joto nililomwambia baba mkubwa. Kugeuza sauti kuwa maandishi ni kazi nzito mno kwa kitu kidogo vile. Inaitumikisha bodi nzima kwa wakati mmoja, bila kupumzika, na haijali kwamba nje kuna baridi ya Mbozi. Ikifika digrii themanini na ushee, bodi inajihurumia: inapunguza mwendo ili isiungue. Haizimi. Haikuambii. Inaendelea kuandika kwa utulivu kabisa, ila imeachwa nyuma, na maneno mapya yanapanga foleni kama malori yetu ya Tunduma, la mbele halisogei na la nyuma linazidi kuja. Ningeweza kuipanga iruke yaliyochelewa iandike ya sasa. Sikutaka. Nilisema mama ameshakosa maneno ya kutosha, asikose hata moja.

Basi nikaanza vita na joto. Nilibomoa amplifaya mbovu nikachomoa kile kipande cha aluminiamu chenye meno kama kitana, mafundi tunakiita hitisinki, nikakikata kwa msumeno, nikakibandika juu ya bodi kwa ile grisi nyeupe inayopitisha joto. Ikawa afadhali: mazungumzo ya watu wawili yalikwenda. Wakija wa tatu na wa nne inachemka. Nikaiweka kwenye kopo la plastiki ili vumbi lisiingie. Ikachemka zaidi, maana nilikuwa nimeivalisha koti. Nikatoboa kopo matundu mpaka likawa chujio. Mwisho nikalitupa kopo, nikatengeneza fremu ya mbao yenye wavu pande zote, nikachukua feni ndogo ya kompyuta iliyokufa, nikaifunga juu ikivuta hewa kutoka juu na kuipuliza kwenye yale meno. Feni ilikuwa na mlio kama nyuki aliyenaswa kwenye pazia, lakini bodi ikatulia. Nilikusanya majirani sebuleni, nikawaambia wabishane kuhusu bei ya mbolea, jambo ambalo halihitaji kumsihi mtu. Walibishana mpaka jasho, na kioo kikaandika kila upuuzi waliousema, papo kwa papo. Nilijisikia mtu. Nakiri, nilijisikia fundi wa mafundi.

Kilichobaki ni kitambaa.

Asiyejua nyumba zetu nimweleze. Mama zetu hawaachi chombo cha maana kikae uchi. Redio ina kitambaa chake cha kufuma, televisheni ina chake, friji kama ipo ina chake, na kochi lina vitambaa mgongoni na mikononi. Ni heshima kwa chombo na ni heshima kwa anayeingia. Nyumba isiyo na vitambaa ni nyumba ya mhuni. Mama tangu masikio yafunge alikuwa anafuma kama aliyeahidiwa mshahara, na mashine iliyomrudishia maneno ilikuwa, kwake, chombo cha maana kuliko vyote. Nilikuja siku moja nikaikuta imevikwa.

"Mama, hii inataka kupumua," nikamwambia kupitia hiyo hiyo mashine.

Akasoma, akakubali, akatoa. Nilipokuja tena nikakuta amefuma kingine, cha mashimo makubwa makubwa.

"Hiki kinapumua," akasema kwa fahari.

Tukaelewana kwamba fremu ikae wazi na kitambaa kiwekwe chini yake, kama mkeka. Aliniahidi, na mama si mtu wa kuvunja ahadi. Ila kwake ahadi ile ilikuwa ya siku za kawaida. Siku ya wageni ina sheria zake, na sheria hizo alizikuta duniani, alifundishwa na mama yake, na hakuna mashine ya Nakonde ambayo ingeweza kuzifuta.

Kikao kilikaa asubuhi, jua likiwa limetoka na baridi bado iko. Nilifika mapema. Niliweka mashine kwenye kabati la vyombo, kinasa sauti mezani katikati, na kioo kwenye stuli mbele ya mama, kikimtazama yeye peke yake. Nilimwomba baba mkubwa waongee Kiswahili.

"Kwa ajili ya shemeji tutaongea hata Kichina," akasema.

Nikaijaribu mashine, nikaigusa, nikasikiliza feni ikilia vizuri. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Nikamuuliza atasema nini akiulizwa. Akasoma, akanyoosha mgongo, akasema: "Nitasema nabaki."

Kisha nikatoka kwenda jikoni, maana ndiko kulikokuwa mahali pangu. Wazee wa ukoo wanataka kula, na ugali wa watu wengi hauongei na mtu, unapigwa kwa mikono miwili.

Ninachokijua kuhusu yaliyotokea ndani nilikipata kwa vipande, kutoka kwa mama na kutoka kwa shangazi, dada wa baba, aliyekuwa amekaa kwenye kikao. Nilipotoka tu, mama aliinuka akafungua sanduku lake la chini ya kitanda. Akatoa vitambaa vya wageni, vile vyeupe, vilivyopigwa wanga mpaka vinasimama. Akavalisha kochi, akavalisha meza, akavalisha televisheni. Wazee walikuwa mlangoni wanakung'uta viatu. Mashine ilikuwa pale kabatini, mbao na waya, uchi kabisa, siku ya kuzungumzia mali ya marehemu mumewe. Akaitandikia kitambaa kizuri kuliko vyote.

Feni ilivuta hewa kutoka juu. Ikakivuta kitambaa, uzi ukaingia kwenye mapanga, ukajizungusha, feni ikasimama. Mtu yeyote mwenye masikio angesikia ule mlio umekatika. Shangazi aliusikia. Aliniambia baadaye kwamba wote walifurahi kelele zilipoisha. Mama peke yake ndiye ambaye hakuweza kujua.

Wakaanza kwa sala, ndefu, na watu wakaitikia. Wakaingia kwenye wasifu wa marehemu. Kwetu huwezi kugusa mali ya mtu kabla hujamsifu, kwa hiyo kila mzee alisimama akasema lake: alivyokuwa mkarimu, alivyochimba mashimo ya miche kwa mkono wake mwenyewe, alivyompenda mkewe bila kumwaibisha hata siku moja. Chini ya kitambaa bodi ilikuwa inachemka, inapunguza mwendo, inapunguza tena. Haikupoteza neno. Nilivyoitaka ndivyo ilivyofanya. Mama alikuwa anasoma sala wakati wazee wako kwenye wasifu, na walipofika kwenye shamba, yeye alikuwa anafika kwenye wasifu.

Shangazi anasema baba mkubwa aliuliza kwa upole, wala hakuharakisha. Alimgeukia mama kabisa.

"Shemeji, sisi tumeonelea shamba vijana walitunze, na wewe hutakosa chakula. Je, umeridhia, au unataka kubaki nalo?"

Mama alikuwa ameinamisha macho kwenye kioo. Kioo kilikuwa kinamwambia kwamba mumewe alichimba mashimo ya miche kwa mkono wake. Aliinua uso, machozi yanamtoka, akatikisa kichwa kuitikia, polepole, mara nyingi. Ndiyo. Ndiyo, ni kweli.

"Ameridhia," akasema baba mkubwa. "Mungu akubariki, shemeji." Wazee wakapiga makofi.

Niliposikia makofi nilijua kikao kimekwisha, na mjinga mimi nikafurahi. Nilidhani wanampigia makofi kwa sababu amesema anabaki. Nikabeba jagi na beseni, nikaingia kuwanawisha. Watu wamechangamka, wanahama viti, wanaulizana habari za ng'ombe. Mama ameketi pale pale, macho kwenye kioo, uso umetulia kama mtu anayesikiliza ibada. Nikashangaa anasoma nini na hakuna anayezungumza. Nikamnawisha baba mkubwa, nikamnawisha anayefuata, nikageuza macho kabatini, nikaona kile kitambaa cheupe.

Chakula kikaletwa. Watu walikuwa wameshaanza kumega matonge mama alipoinua kichwa. Swali lilikuwa limefika. Nililiona kwenye kioo, lote, na "shemeji" yake mwanzoni. Mama akakaa sawa, akaweka mikono magotini. Alikuwa ameliandaa jibu lile tangu siku ya mazishi.

"Sikubali," akasema. Hakuwa anajua sauti yake ni kubwa kiasi gani, na ilikuwa ndogo. "Nabaki na shamba langu."

Baba mkubwa alikuwa na tonge mdomoni. Akatafuna, akameza.

"Hukubali nini tena, shemeji? Si umeshakubali?" akasema kwa masikitiko. "Tumeshafunga kwa sala."

Niliweka beseni chini nikaeleza. Nilieleza joto, nilieleza feni, nilinyanyua kitambaa nikawaonyesha uzi uliojizungusha. Mzee mmoja aliomba maji ya kunywa. Mwingine akasema haya ndiyo yale maneno ya Tunduma. Nadhani hata mimi ningekuwa ni wao nisingeelewa: mama alikuwepo, aliulizwa uso kwa uso, aliitikia kwa machozi, na sasa binti anakuja kutoka jikoni anasema kosa ni la uzi.

Mama aliposoma maelezo yangu, na yalimfikia kwa kuchelewa vilevile, hakulia. Alichukua kitambaa kile mkononi mwangu, akakikunja mara nne, akakiweka mapajani. Sikumlaumu. Nani angemlaumu? Alikuwa amewapa heshima wageni waliokuja kumuuliza kama anastahili kubaki kwake.

Majuto ni mjukuu, lakini mimi sikukubali kuanza kumlea mara moja. Nilipeleka shauri kwa wazee wa baraza la kata. Wakakubali kutusikiliza. Wiki ile sikutengeneza simu ya mtu. Niliongeza aluminiamu upande wa pili wa bodi, nikafunga feni mbili, nikazungushia fremu wavu mgumu ambao hata sindano ya kufumia isingepita. Nilimfundisha mama aseme neno moja tu: kwamba swali halikumfikia. Lakini mama hakupenda neno lile.

"Lilinifikia," akaniambia. "Lilichelewa tu."

Kwenye baraza mashine ilifanya kazi kama ndoto. Mwenyekiti wa baraza akisema neno, neno linatokea, yeye mwenyewe alisogeza kiti atazame akastaajabu. Nilikuwa nimeruhusiwa kukaa nyuma, nisiseme.

"Mama, siku ya kikao ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulitikisa kichwa kuitikia?"

"Ndiyo."

"Kuna mtu alikulazimisha?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini uliitikia?"

Mama akafikiri. Alitaka kujibu kweli tupu, kama alivyozoea.

"Niliitikia kwa sababu walisema mume wangu alichimba mashimo ya kahawa kwa mkono wake. Ni kweli alichimba. Nilimwona."

Mwenyekiti akawageukia wazee wetu akauliza kama maneno hayo yalisemwa wakati wa kuuliza swali la shamba. Wakasema hapana, hayo yalisemwa mwanzo kabisa, watu wengi walikuwa wameongea katikati. Nikanyanyuka. Nikaambiwa nikae. Baba mkubwa akaomba ruhusa ya kusema. Alisema kwa huruma, na huruma ile ilikuwa ya kweli, ndiyo maana sina hata wa kumchukia.

"Tumsamehe shemeji," akasema. "Ni uzee na msiba. Akili imechoka, anachanganya mambo. Tutamtunza."

Feni mbili zilikuwa zinalia. Bodi ilikuwa ya baridi. Maneno yakatokea kwenye kioo papo hapo, hayakuchelewa hata kidogo, na mama akayasoma yote wakati midomo ya baba mkubwa bado haijafunga.

Akakilaza kioo kifudifudi mapajani.

"Zima, mwanangu," akasema. "Nimesikia."